Ripoti ya Jumamosi kwa Matron

Matron hakuvumilia neno "nzuri." Ungekaa sebuleni kwake Jumamosi saa tisa, ukasikiliza kanda upande mzima mpaka mashine ikajizima yenyewe, kisha ukasema muziki ulikuwa mzuri, angekutazama juu ya miwani na kuuliza, "Wapi?" Ukikosa kusema ni wapi alikuwa anamgeukia mwingine, nawe unabaki na chai yako mpaka zamu ikurudie.

Watu wa Migwani wanamkumbuka kwa sindano na kwa ukali. Yote mawili ni kweli, hata mimi nilidungwa. Alikuwa amesimamia wauguzi katika hospitali za Kitui na Makueni kwa miaka mingi, na alipostaafu cheo kilikataa kustaafu pamoja naye, kwa hiyo hata watoto waliozaliwa juzi walimwita Matron. Lakini mimi nilimjua kwa masikio, na kuna ripoti moja niliyomnyima kwa miaka kumi na miwili. Ilibaki kidogo sana tumzike kabla sijaitoa. Ndiyo sababu naandika.

Muziki wenyewe ulitoka kwa daktari mgeni ambaye aliporudi kwao alimwachia redio kaseti moja na katoni mbili za kanda. Okestra, fidla nne peke yake, kinanda peke yake, kazi za watu wa Ulaya waliokufa zamani. Katoni zilikaa chini ya kitanda muda wote aliokuwa kazini. Alipostaafu alikuta nyumba yake iko kimya kupita alivyozoea, akazivuta nje, akasikiliza kanda ya kwanza akiwa peke yake. Aliniambia hakuielewa, na kwamba jambo lililomsumbua zaidi ni kukosa mtu wa kumwachia ripoti.

Hospitalini, alisema, zamu haibadilishwi kimyakimya. Anayetoka humwambia anayeingia alichokiona kwa kila kitanda. Mawazo yake hayatakiwi, kinachotakiwa ni alichokiona. Basi alitukusanya watu watatu akatuweka katika utaratibu huohuo. Kanda inachezwa upande mmoja, hakuna kuongea, hakuna kuchungulia simu. Ikiisha, mdogo kwa umri anaanza kusema, ili asije akarudia maneno ya wakubwa kwa heshima. Yeye anaandika kila neno katika daftari, halafu anakusomea ulichosema, na wewe unakubali au unarekebisha. Mwisho anatoa yake.

Majina ya watunzi hatukuyajua. Alikuwa amefunika kila kasha la kanda kwa plasta ya hospitali na kuandika namba juu yake. "Jina likitangulia," alisema, "mtu anasifu jina." Hadi leo ninaijua Kanda ya Kumi na Nne kuliko ninavyomjua jirani yangu, na sijui ilitungwa na nani. Siku moja nilijaribu kubandua plasta kwa ukucha. Alinipiga kofi mkononi, mimi mwalimu wa shule, mwenye wajukuu.

Mdogo wetu alikuwa Mama Mwende, anayeuza ndengu sokoni. Alikuja mara ya kwanza kwa sababu alikuwa ameleta debe la ndengu na mvua ikamzuia kuondoka. Baada ya Kanda ya Tisa Matron akamwuliza amesikia nini, naye akajibu bila kujikuna kichwa.

"Kuna mtu ameingia kwa nyumba ya watu, akapata wanagombana. Anataka kutoka lakini mlango haoni. Sasa wale wengine wakanyamaza, na huyo ndiye akaanza kulia, na si yeye alikosewa."

"Wapi?"

"Pale fidla moja inabaki peke yake. Hapo karibu na mwisho."

Tulirudisha kanda, na ilikuwa hapo. Nimefundisha kwaya ya kanisa tangu nikiwa kijana, nasoma noti za doremi kama mwingine asomavyo gazeti, na sikuwa nimemwona huyo mtu akiingia wala akikosa mlango. Niliona wivu, na sioni haya kusema.

Wa pili alikuwa Kimanzi, mwenye posho mill, ile mashine ya kusaga unga pale sokoni. Kelele za mashine yake zilikuwa zimemla masikio, akabaki anasikia sauti nzito tu. Nilifikiri anakuja kwa ajili ya chai. Jumamosi yake ya tatu akasema, "Mimi hizo za juu zinanipita. Lakini huko chini kuna mwingine anafanya kazi tangu mwanzo, na hakuna mtu ameshamtaja." Matron aliweka kalamu chini. Tukasikiliza tena, safari hii tukimfuata huyo wa chini, zile fidla kubwa zinazopigwa kwa kusimama, na kanda yote ikageuka. Tangu siku hiyo hatukusikiliza kanda hata moja bila kumwuliza Kimanzi huko chini kumeamkaje.

Mimi nilikuwa wa tatu, na ndiye niliyemchosha zaidi. Ripoti yangu ya kwanza ilieleza doh ni ipi, wimbo unahamia wapi, na unarudi kwa njia gani. Nilikuwa na kile kifilimbi kidogo cha kutolea sauti kwa kwaya, nikakipuliza mbele yao kuthibitisha. Matron alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, umenitajia majina ya dawa. Mimi nimekuuliza unaumwa wapi." Mama Mwende alicheka hadi akamwaga chai, na mimi nilicheka kwa meno tu.

Usidhani alikuwa mtu wa kunyooka kila upande. Alihubiri habari ya presha kwa kila aliyevuka geti lake, na yeye mwenyewe alitia chumvi kwenye muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, mara mbili, kabla ya kuonja na baada ya kuonja. Alitaka tufike saa tisa kamili, lakini kanda ikimpendeza alitusahau pale mpaka ng'ombe wakarudi na mtu wa kuwakamua hayupo. Na masikio yale yote yaliishi na sauti mbovu kabisa. Kabla hatujawa marafiki aliwahi kuimba katika kwaya yangu, na ni mimi niliyemwambia, kwa upole nilioweza kuukusanya, akahudumie jikoni siku za sherehe. Hakuninunia. Alisema ni uchunguzi sahihi.

Mzee mmoja wa kanisa alikuja kumwonya kwamba muziki usio na maneno hujui unamtumikia nani. Tulikuwa tumekaa, kanda imesimama katikati, sote tunaangalia viatu vyetu. Matron alimkaribisha kiti, akamimina chai.

"Mzee, mtoto mchanga akilia ana maneno?"

"Hana."

"Na mama yake huamka ama huuliza kwanza anamtumikia nani?"

Mzee alikunywa chai yake yote. Hakurudi kusikiliza, lakini pia hakurudi kuonya.

Hakujua kuacha jambo. Siku moja hatukukubaliana kama katika Kanda ya Ishirini na Mbili huzuni inaanza kabla ya tarumbeta au baada yake. Tuliirudisha mara tisa. Mimi nilisema haidhuru, ni sekunde chache tu. Aliniuliza kama ningemtaka daktari anayesema haidhuru kifo kilianza saa ngapi. Mara ya tisa tulikubaliana wote kwamba ilianza kabla, katika pumzi ndogo ambayo hakuna chombo kinachopiga. Nilirudi nyumbani nimechoka na nina furaha, na mke wangu hakuamini nimetoka kusikiliza redio.

Sasa nifike kwenye kosa. Mwaka wa tatu wa vikao vyetu mshipi wa mpira ndani ya ile redio kaseti ulikatika. Mshipi huo ndio unaozungusha kanda. Kwa mtu wa posho mill mshipi ni mshipi, na Kimanzi alichukua tyubu kuukuu ya baiskeli, akakata utepe mwembamba kwa wembe, akaunga, akauvalisha. Mashine ikazunguka. Tulimpigia makofi, na Matron akamchinjia kuku. Hakuna aliyejua kwamba mpira ule ulikuwa umelegea kidogo, unateleza, na kanda inakwenda polepole kuliko ilivyorekodiwa. Kanda ikienda polepole, sauti nazo hushuka.

Nimesema hakuna aliyejua. Nirekebishe, kwa maana angenirekebisha. Mimi nilijua.

Jumamosi ileile tulicheza Kanda ya Sita, ambayo wenzangu walikuwa hawajaisikia; mimi nilikuwa nimeinakili wimbo wake kwa doremi siku moja nilipowahi kufika, Matron akiwa bado jikoni, nikiwa na nia ya kuupa kwaya. Nilisikia mara moja kwamba imeshuka. Kifilimbi kilikuwa mfukoni. Matron alikuwa amekipiga marufuku wiki iliyotangulia, mbele ya wenzangu, akisema natumia mdomo kupima badala ya masikio kusikia, na bado nilikuwa nimevimba kwa hasira. Nilitoka nje nikijifanya nakwenda msalani, nikakipuliza taratibu, nikahakikisha. Ilikuwa imeshuka karibu hatua mbili. Nikarudi nikakaa. Nilijisemea moyoni, si wao ndio wenye masikio, basi wagundue wenyewe.

Hawakugundua. Jumamosi iliyofuata hasira ilikuwa imepungua, lakini sasa ningelazimika kueleza kwa nini sikusema wiki iliyopita. Mwezi uliofuata ilikuwa vigumu zaidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi nilikaa nikiutazama ufa kwa miaka tisa huku nikinywa chai ya mwenye nyumba. Madaftari yalijaa. Kanda ya Sita, ambayo ni ngoma ya watu wanaoruka, tuliiandikia kurasa za msiba. Matron mwenyewe aliandika kwamba hao ni watu wanaobeba mgonjwa kwa machela na njia ni mbaya. Kanda hiyohiyo ilianza kwa mtangazaji akisema maneno machache ya kigeni kwa sauti nzito, iliyochoka. Tulimzoea tukamwita Mzee, na Mama Mwende alikuwa anamwitikia salamu.

Mambo yalifichuka mwaka wa corona. Matron alivunja vikao siku ya kwanza kabisa, akatuamuru kila mtu asikilize kwake na kutuma ripoti kwa simu. Kanda zilikuwa kwake, kwa hiyo Matron alimsomea majina binti yangu aliye Machakos kwa simu, akamwapisha asitutajie, akamwomba atafute vipande hivyo kwenye mtandao. Alivipata vitatu, vilevile, watu walewale, akatutumia. Kimoja kilikuwa Kanda ya Sita.

Ripoti ya Mama Mwende ilikuwa ya kwanza, kwa sauti. "Matron, hawa wanakimbizwa na nani? Kama ni mvua inakuja si wangeanua mahindi kwanza, warudi waimbe. Na huyu mama anaongea hapo mwanzo ni nani? Mzee wetu ameenda wapi?"

Kimanzi hakutuma ripoti. Alielewa kabla yetu sote, maana maisha yake yote amesikia mashine ikienda polepole kwa sababu ya mshipi. Alivaa barakoa, akatembea hadi kwa Matron, akasimama nje ya geti, akapaza sauti kutoka barabarani kwamba ni yeye aliyeharibu. Mama Mwende alikuwa anapita na kiondo, ndiye aliyenisimulia. Alinieleza kwamba Kimanzi, mtu mzima yule, alisema ameharibu kazi ya miaka tisa na hana la kumlipa.

Matron alisimama kwenye baraza na madaftari yake kifuani. Alikuwa na madaftari kumi na moja, na ni mawili tu ya kwanza yaliyoandikwa mashine ikiwa nzima. Alikuwa amekwisha kupita miaka sabini na mitano na moyo wake ulikuwa umeanza kujaa maji. Mama Mwende alidhani atayachoma.

"Kimanzi," akasema, "kipima joto kikiwa kibovu, mimi sitoki wodini nikasema hakuna mtu alikuwa na homa. Ninatafuta kizima, ninawapima tena. Nenda utafute mshipi mzuri."

Vikao viliporuhusiwa tulianza upya kutoka daftari la tatu, kwa mpangilio uleule, kanda kwa kanda. Kimanzi alikuwa ameufuata mshipi hadi Nairobi na hakumtuma mtu. Ripoti za zamani hazikufutwa. Ukurasa wa kushoto ulikuwa na maneno yetu ya kwanza, na mkabala wake Matron alibandika karatasi mpya. Wakati mwingine yalipingana kabisa. Wakati mwingine, ajabu, yule mtu wa Mama Mwende alikuwa bado yumo, ila sasa aliutafuta mlango kwa haraka. Tulicheka sana miaka ile. Kimanzi peke yake ndiye aliyekuwa akiomba msamaha kila daftari jipya lilipofunguliwa, na mimi nilikaa kando yake na kumwacha aombe.

Hilo ndilo lililokuwa likinila. Kunyamaza kwa hasira ningeweza kujisamehe. Kumwacha mtu mwingine abebe mzigo wangu na wake, na kumpigapiga begani kama mtu mwema, hilo sikuweza. Na kila Jumamosi miguu ya Matron ilikuwa imevimba zaidi.

Mara ya mwisho kumkuta ameketi ilikuwa Jumamosi ambayo Mama Mwende alikuwa kwenye mavuno ya ndengu na Kimanzi ana foleni kubwa ya wasagaji. Nilimkuta chumbani, ameegemea mito mitatu kwa sababu akilala chali hapati pumzi. Redio kaseti ilikuwa juu ya kiti. Tulikuwa tumefika daftari la nane. Nilimshauri turuke hadi la kumi na moja, ambamo kuna kanda anazozipenda, maana… Sikumaliza sentensi.

"Maana nitakufa," akanimalizia. "Najua chati yangu, Mwalimu. Haturuki."

Hapo ndipo nilipomwambia. Nilimwambia kuhusu kifilimbi, kuhusu msalani, kuhusu hasira, vyote kwa mpangilio, na sikutumia neno hata moja la kujipamba. Alinisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipomaliza aliyafumbua.

"Kimanzi anajua?"

"Hajui."

"Aliposimama kwa geti yangu, wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa kwa nyumba. Nilisikia habari, nikakaa."

Alinyoosha kidole kuelekea kabati. Aliniambia nilete daftari la tatu na nitafute Jumamosi ile. Niliipata. Ripoti ya Mama Mwende ilikuwa mistari saba, ya Kimanzi minne. Chini yake, kwa mwandiko wake ulionyooka, alikuwa ameandika: *Mwalimu hana la kuongeza.*

"Andika hapo," akasema, akanipa kalamu yake, ambayo sijawahi kumwona akimpa mtu.

Niliandika kwamba siku ile nilisikia sauti zimeshuka, nikapima, nikahakikisha, nikanyamaza kwa sababu ya kiburi. Alivaa miwani, akanisomea nilichoandika, neno kwa neno, akauliza kama ni sawa au narekebisha. Nikasema ni sawa. Akatia sahihi kando yake, na tarehe.

Nilidhani yamekwisha, nikaanza kulia kwa jinsi nilivyohisi mwepesi. Hakunibembeleza. Alifunga daftari, akanirudishia.

"Mimi nimeshapokea. Bado mwingine. Mpelekee saa hii."

"Leo ana watu wengi, Matron. Nimngoje jioni akifunga?"

"Saa hii," akasema.

Nilitembea hadi sokoni na daftari kwapani. Mashine ilikuwa inanguruma, unga umejaa hewani, akina mama kumi au kumi na watano wamepanga madebe yao, nusu yao ni wa kwaya yangu. Kimanzi aliniona akatabasamu, mweupe kwa unga hadi kope. Nikamkaribia sikioni nikaanza. Akatikisa kichwa, akaonyesha mashine, akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Ongea kwa nguvu, Mwalimu."

Nikavuta pumzi kwa njia ninayowafundisha waimbaji wangu, kutoka tumboni, nikaisema yote kwa sauti ya kusikika mpaka nje, na foleni nzima ikageuka kunitazama.